Nchi ya Bwerere na Bei Isiyoulizwa

Ipo nchi inaitwa Bwerere, na huko hakuna anayeuza kitu. Hakuna duka wala soko, hakuna hata mtu mmoja aliyekaa na mizani. Kila kitu ni zawadi. Na zawadi ya kwanza ni gari la mashindano, ambalo kila mgeni anapewa langoni kabla hata hajafuta jasho.

Jinsi mtu anavyofika huko si jambo la kuhadithia, kwa sababu waliofika wenyewe hawakumbuki. Wanakumbuka tu walikuwa wamekaa mahali na simu mkononi, kioo kikaandika BURE, wakagusa. Mwili unabaki nyumbani umeinama vilevile, vidole gumba vinachezacheza, na ukiuita kula unajibu, "Naja, dakika moja." Lakini mwenyewe hayumo. Mwenyewe yuko Bwerere, anaendesha.

Ndivyo alivyoondoka Shomari. Akabaki ameketi kwenye kochi la sebuleni, mama yake akimpelekea chai na kuikuta imepoa, na mdogo wake Saumu akimpita huku akimtazama kama mtu anayepita mbele ya nyumba iliyohamwa.

Huyu Saumu alikuwa binti wa kidato cha nne, mwenye haya mpaka zikapitiliza. Akiulizwa swali darasani, sauti ilimkimbia, na mwalimu alilazimika kumsogelea na kumwinamia kama anayesikiliza iwapo saa ya mkononi bado inatembea. Sasa mtoto kama huyo ndiye aliyeandika risala ya wahitimu, ikapendwa, na mwalimu mkuu akasema aliyeandika ndiye atakayesoma. Mbele ya wazazi wote. Mbele ya mgeni rasmi. Kwenye kipaza sauti.

Siku alipopewa habari hiyo alikwenda kulia chooni. Shomari ndiye aliyemgongea mlango.

"Toka, we mtoto. Nitasimama kando yako mpaka neno la mwisho. Sauti ikikukimbia, mimi naikamata, nakurudishia."

"Kweli, kaka?"

"Si nimekwambia?"

Halafu akagusa BURE, na tangu hapo hakuna aliyempata. Mahafali yakakaribia. Saumu akamwita, akamtikisa bega, akamfinya. "Naja, dakika moja," mwili ulimjibu. Basi akaona hakuna njia nyingine ila kumfuata. Akachukua simu ya mama, akakaa pembeni ya kaka yake, akagusa.

*

Langoni alikaa mwanamke mmoja mkunjufu, mashavu yake yakicheka hata akiwa hajacheka. Jina lake Bi Ahlani, na kazi yake ilikuwa moja tu, kumwimbia kila mgeni Wimbo wa Karibu. Sheria ya Bwerere inasema mgeni hawezi kupewa zawadi kabla hajaimbiwa. Na wimbo wenyewe ni mrefu, hauna kiitikio, hauna mahali pa kuvuta pumzi, na Bi Ahlani aliuimba kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua.

Mbele ya Saumu walikuwepo wageni wengine wengi. Kila mmoja, wimbo ukianza tu, alipaza sauti, "Nimekubali!" Bi Ahlani akanyamaza pale pale, akapiga makofi, lango likafunguka. Kuna waliosema "Nimekubali" hata kabla hajafungua mdomo.

Zamu ya Saumu ikafika. Bi Ahlani akaanza, na Saumu, kwa zile haya zake, akaona aibu kumkata mtu mzima wimbo wake. Akasimama, mikono nyuma, macho chini, akasikiliza. Wimbo ukasema habari za mgeni na mwenyeji, za kipi ni chako na kipi ni chako mradi hutoki, za jioni za mgeni kuwa chini ya uangalizi wa mwenyeji, za misimu na kona zitakazohamishwa. Ukapanda, ukashuka. Bi Ahlani akaanza kukauka koo. Akatoa macho kumhimiza mgeni aseme neno lile. Saumu akaona haya zaidi, akazidi kunyamaza. Ikabidi Bi Ahlani aendelee, mpaka akafika mahali ambapo hata yeye alikuwa anaokoteza maneno:

"Na mgeni asiulize bei, maana kuuliza bei ni kumtukana mtoaji. Lakini mgeni akiuliza mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika na wote, mtoaji atajibu kweli, wala hataficha kitu."

Akanyamaza. Wakatazamana.

"Heee!" Bi Ahlani akasema, akishika kifua. "Kumbe unaishia hivyo?"

"Hukuwa unajua, mama?" Saumu akanong'ona.

"Nijulie wapi, mwanangu? Tangu nimekaa hapa hakuna aliyeniacha nikafika mwisho. Haya, sema basi nikufungulie, sauti imeniisha."

"Nimekubali," Saumu akasema, na kwa kuwa alisema kwa kunong'ona, Bi Ahlani ikabidi amwombe arudie.

Akapewa gari lake. Lilikuwa la kijivu, safi, lakini lilikohoa lilipowashwa. Saumu akatafuta breki kwa mguu, asizione.

"Breki ni zawadi ya mbele huko," Bi Ahlani akamweleza. "Kwa mwendo wa hili huzihitaji."

"Na gia ya kurudi nyuma?"

"Kurudi nyuma?" Bi Ahlani akacheka mpaka akajifuta machozi. "Nani atarudi nyuma, mwanangu? Barabara yetu ni duara."

*

Lakini ukweli usemwe: nchi ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba Saumu, aliyekuja na hasira, alisahau hasira zake kilomita ya kwanza tu.

Jua la Bwerere halizami. Limesimama pale pale alasiri, pale ambapo mwanga unakuwa kama asali na kila kitu kinatoa kivuli kirefu. Barabara imelazwa juu ya vilima kama kitambaa kilichopigwa pasi, nyeusi, laini, inapita kwenye mabonde ya maua ya njano, inaingia ndani ya miamba na kutokea upande wa pili ambako chini kuna ziwa, na ndani ya ziwa kuna barabara nyingine ile ile, na magari yale yale, yamegeuzwa miguu juu. Na magari yenyewe! Yalimpita moja baada ya jingine kwa mlio ambao haukuwa kelele. Ulikuwa kama sauti ya nyuki wengi mno wanaokubaliana jambo. Rangi zake hazikuwa rangi za kopo. Kulikuwa na gari jekundu lenye rangi ya machungwa ndani yake na zambarau pembeni, na rangi hizo zilikuwa zinatembea, zinafifia na kuwaka, hata gari likiwa limesimama. Saumu alitoa kichwa dirishani ayatazame. Hakuwahi kuona kitu kimetengenezwa vizuri namna ile.

Mahali barabara inapopanda akakuta jengo jeupe, na nje yake vipaza sauti. Hilo ndilo Baraza la Misimu, na siku hiyo waheshimiwa walikuwa wanajadili kona moja inayoitwa Kona ya Kobe. Huko kila msimu ukianza lazima kona zihamishwe, ili matairi ya msimu uliopita yasishike tena, na madereva wapate furaha ya kupewa mapya. Upande mmoja wa Baraza ulitaka Kona ya Kobe isogezwe kushoto. Upande wa pili ulitaka kulia.

"Mheshimiwa Spika, wanaosema kulia hawana huruma na wananchi!"

"Taarifa, Mheshimiwa Spika! Huruma yetu ndiyo imetufanya tuseme kulia!"

Akasimama mheshimiwa mmoja kijana, akauliza kwa upole, "Na tukiiacha ilipo?"

Spika akamtazama kwa masikitiko, kama mzazi. Kisha akaagiza mheshimiwa huyo apewe zawadi. Akaletewa kiti kipya chenye kuzunguka. Akakikalia, akazunguka mara moja, akazunguka tena, na hakuuliza kitu kingine mpaka kikao kikaisha. Wakakubaliana isogezwe kushoto kwanza, na msimu ujao kulia.

Saumu akaendelea na mwendo wake wa kukohoa, mpaka akafika bondeni ambako madereva husimama kubadilishiwa matairi. Hapo akalikuta gari lililokuwa linang'aa kuliko yote aliyoyaona. Lilikuwa na rangi ya dhahabu inayoungua pembeni ikawa waridi, na juu bluu iliyokolea kama wino. Mlango ukafunguka, akashuka kijana amekumbatia helmeti.

"Saumu! Mdogo wangu! Na wewe umekuja?"

Shomari alimkumbatia akamnyanyua juu. Alikuwa mchangamfu, macho yanacheka, ndiye yule Shomari wa zamani ambaye pale kochini hakuwepo. Saumu akasahau maneno yote aliyoyapanga.

"Kaka, twende nyumbani. Mama anakuita."

"Naja. Kwanza panda uone. Raundi moja tu, halafu tutaongea."

Akapanda. Akavalishwa helmeti. Na gari lile likaondoka.

Alihisi barabara yote kupitia kiti: kokoto ndogo, mahali pa baridi chini ya mwamba, tairi la nyuma likitaka kuteleza na Shomari akilituliza kwa vidole viwili kama mtu anayembembeleza mtoto. Kaka yake alikuwa anajua. Wallahi alikuwa anajua. Kona ilikuja, moyo wa Saumu ukabaki nyuma, gari likainama, vilima vikapinduka, ziwa likapita dirishani kama shuka la fedha linalokung'utwa, na akasikia mtu anapiga kelele za furaha. Akashtuka kukuta ni yeye. Ndani ya helmeti hakuna anayekuona uso. Hakuna anayekusogelea asikie ulichosema. Saumu, ambaye maisha yake yote alitamani kutoonekana, alikaa mle ndani akafikiri: *Na mimi ningeweza kukaa hapa. Ningeweza kabisa.*

*

Waliporudi bondeni, Shomari akaenda kuongea na mafundi. Saumu akabaki amesimama kando ya gari, na kwa sababu palikuwa na watu wengi wasiomjua, akafanya kama kawaida yake, akainamisha kichwa na kutazama kitu kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni boneti.

Wengine wote wa nchi ile waliona magari yakipita. Saumu aliona boneti kwa umbali wa pua yake. Na mle ndani ya ile dhahabu akaona uwanja wa nyumbani kwao. Ulikuwa mdogo, lakini upo. Mama anachoma mahindi, upepo unamrudishia moshi machoni. Baba anapigapiga redio mgongoni iongee. Na yeye Saumu, amekaa mkekani, anacheka kitu fulani, anageuka amwambie mtu aliye kando yake. Kando yake pako wazi.

Aliikumbuka jioni ile. Shomari alikuwa hapo hapo mkekani, kimwili. Alimwambia utani ule, na Shomari akajibu, "Naja."

Akasogea mlangoni, akatazama rangi ya waridi. Jioni nyingine. Akatazama bluu. Jioni nyingine, ya mvua, umeme umekatika, watu wanapiga hadithi gizani. Akaelewa kwa nini jua la Bwerere halizami. Jioni zote zimeshatumika. Zimepakwa kwenye magari.

"Unatafuta mkwaruzo?" sauti ikamuuliza.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, helmeti kwapani, gari lake jekundu nyuma yake likiwaka polepole. "Mimi Semeni," akasema. "Usiniamkie, hapa hakuna mkubwa. Mimi mwenyewe nakaa raundi moja tu, nimeacha maharage jikoni."

"Tangu lini, Bi Semeni?"

"Aa, sasa hivi tu." Akafikiri. "Yalikuwa hayajachemka. Maharage yenyewe ya zamani, yale magumu."

Saumu akalitazama gari la Bi Semeni, lilivyojaa rangi za zambarau na machungwa kutoka taa za mbele mpaka za nyuma.

Shomari akarudi anaruka. "Saumu, bahati yako kubwa, umekuja siku yenyewe! Leo Mtoaji Mkuu anatoa Usukani wa Msimu. Ukiwa nao huo, gari linakusikia hata kabla hujakata shauri. Na jina langu limo!"

"Kaka, wanatengenezea nini hivi vitu?"

"We! Punguza sauti. Watasema dada yangu hana adabu."

"Nimeona mle kwenye boneti..."

"Najua, najua." Akashusha sauti na yeye. "Watu wanasema wanachukua jioni. Sasa jioni ni nini, Saumu? Ni kukaa tu. Zile za kukaa tu, ambazo hata hazina kazi. Yako sijaigusa, mdogo wangu. Mahafali yako mchana. Si wameandika kwenye kadi saa nane? Nitakuwepo, nimekuahidi."

"Saa nane." Saumu akamtazama. "Kaka, umewahi kuona mgeni rasmi amefika saa nane?"

Shomari akaanza kufunga kamba ya helmeti yake.

"Mahafali yako wewe alifika saa ngapi?" Saumu akauliza. "Risala ilisomwa saa ngapi? Si mama alikuwa anauawa na mbu? Si walileta taa ya gari ndio msomaji akaona karatasi?"

"Huyu wenu labda anawahi," Shomari akasema, lakini alisema akitazama pembeni. Na kabla hajamaliza, king'ora kikalia, na kila dereva akakimbilia gari lake.

*

Nchi ya Bwerere ina kimya kimoja tu. Kinaitwa Kimya cha Zawadi. Kabla ya mbio kubwa magari yote yanajipanga, injini zote zinazimwa, na Mtoaji Mkuu anapita mwenyewe na zawadi mikononi. Hakuna anayeongea. Dereva ananyoosha mkono, anashika, na ikishashikwa basi.

Mtoaji Mkuu alikuwa Bwana Takrima, mzee mrefu, kanzu nyeupe, macho mapole. Alitembea kwa adabu kama anayepita msibani. Na usukani ulikuwa juu ya mto wa hariri. Saumu, aliyekuwa amesimama nyuma ya gari la kaka yake akiwa amevaa tena helmeti, alipouona alisahau kupumua. Hakuna kitu kizuri vile. Ulikuwa kama jua lenyewe lile dakika linapogusa miti, limekunjwa likawa duara. Watu uwanja mzima walilia machozi kwa kuutazama tu.

Bwana Takrima akasimama mbele ya Shomari. Shomari akanyoosha mkono.

Saumu akafungua mdomo kuuliza. Sauti ikamkimbia.

Akajaribu tena. "Bei..." Ikatoka ndani ya helmeti kama mtu anayekohoa kwenye ndoo. Waliokuwa karibu wakageuka.

"Kasema nini huyu?"

"Kasema lile neno!"

"Heh! Katoka wapi, mshamba huyu? Mbele ya Mtoaji!"

Shomari akageuka, uso umemshuka. "Saumu, tafadhali. Unaniaibisha."

Bwana Takrima ndiye peke yake aliyetabasamu. Akainama kidogo, akasema kwa upole, "Binti yangu, wimbo umeusikiliza mpaka mwisho, naona. Hongera. Lakini wote hawajasikia." Na akasubiri, maana alijua watu wenye haya walivyo.

Vicheko vikapita kutoka mstari hadi mstari. Saumu alimtazama kaka yake, aliyeahidi kuikamata sauti ikimkimbia, na kaka yake alikuwa anautazama usukani. Basi hapo hapakuwa na wa kumkamatia. Ilibidi aifuate mwenyewe.

Akavua helmeti. Hewa ikampiga usoni, na macho yote ya Bwerere yakamwona, uso wake, machozi yake, nywele zake zilizovurugika. Akafumba macho.

"BEI GANI?"

Ikaenda. Ikagonga mwamba, ikarudi. Ikapita juu ya ziwa. Ikafika hata Barazani, ambako yule mheshimiwa kijana aliacha kuzunguka na kiti.

Bwana Takrima alipoongea, hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hakuna aliyewahi kuuliza," akasema. "Nilikuwa nimeanza kudhani hamtaki kujua." Akaunyanyua usukani wote wauone. "Gari linapakwa jioni yoyote ile, hata ile ya kukaa tu. Matairi vilevile. Lakini usukani huu hautengenezwi na jioni yoyote. Unatengenezwa na jioni ambayo kuna mtu anakusubiri. Hiyo ndiyo inayong'aa. Na huu, kijana, umetengenezwa na jioni ya mahafali ya dada yako. Taa ya gari imewashwa. Mgeni rasmi amechelewa. Dada yako amesimama na karatasi, ametazama kando yake. Ukishika, hiyo ndiyo bei. Usiposhika, jioni ni yako. Na ninyi nyote, kwa kuwa imeulizwa mbele yenu, inameni mtazame mlichopanda."

Uwanja mzima ukainama. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa Bwerere kuyatazama magari yao yakiwa yamesimama.

Hakuna aliyepiga kelele. Palisikika tu pumzi. Mwanamume mmoja alikuwa anaita jina la mtoto kwa sauti ya chini, tena na tena, akisugua mlango wa gari kwa kiganja kama anayetaka kumtoa. Wengine walitazama, wakasema, "Lakini si inapendeza," wakavaa helmeti zao. Bi Semeni alikuwa amepiga magoti mbele ya gari lake jekundu.

"Bi Semeni," Saumu akamwita. "Twende."

"Yameungua," Bi Semeni akasema. "Maharage. Sufuria imeungua mpaka imetoboka, na waliokuwa wanasubiri kula wamekuwa watu wazima." Akajifuta kwa ncha ya kanga, akasimama, akapanda gari lake. "Sasa nirudi nikafanye nini, mwanangu? Na hili walivyolipaka vizuri hivi?"

Shomari mkono wake bado ulikuwa hewani. Vidole vilikuwa karibu kabisa na mwanga ule, mwanga ulikuwa umeshampaka kucha. Aliutaka. Kila mtu aliona alivyoutaka. Alitazama ndani ya duara, akakaa humo muda mrefu.

Kisha Shomari akaurudisha mkono kifuani, akaushika kwa mkono wa pili usije ukatoroka.

"Naja," akasema. Akashuka kwenye gari.

Lile gari la dhahabu, kwa kuwa lilikuwa lake mradi hatoki, likafifia likawa la kijivu, kisha likawa vumbi kwenye viatu vyake. Kwa kuwa hakuna gia ya kurudi nyuma, wakarudi kwa miguu pembezoni mwa barabara, mkono kwa mkono, upepo wa magari ukivuta nguo zao. Gari jekundu likawapita. Likapita tena. Langoni Bi Ahlani alikuwa anamwimbia mgeni mpya, na mgeni alikuwa ameshasema, "Nimekubali!"

*

Walizinduka kochini, lakini jioni alizokwisha kutoa Shomari hazikurudi. Alikuwa ametoa nyingi, na za mbele pia. Alifurahi asubuhi, alifanya kazi mchana, lakini alasiri ikifika macho yake yalizima, na akishtuka jogoo anawika. Saumu alikuwa akimsimulia wakati wa chai: jana mama kapika hiki, jana baba kasema vile, jana ulicheka, ila hukuwepo. Shomari alisikiliza kama mtu anayeletewa habari za nchi ya mbali.

Siku ya mahafali ikafika. Saa nane ikapita. Mgeni rasmi akapiga simu akasema yuko njiani, na kila mtu akajua bado anaoga. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikazirudia. Wazazi wakaanza kuuawa na mbu. Alasiri ikafika, na Saumu, aliyesimama nyuma ya jukwaa na karatasi iliyolowa jasho, akamtazama kaka yake machoni kwa hofu, akisubiri yazime.

Hayakuzima.

Mgeni rasmi akafika, vigelegele vikapigwa, jina la Saumu likaitwa. Wakapanda pamoja. Mtu akageuza gari, akawasha taa ziangaze karatasi. Saumu akakisogelea kipaza sauti, akageuka kando yake, na kando yake palikuwa na mtu.

Lakini Shomari hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ametazama juu, nyuma ya paa la madarasa, mdomo wazi, kama mgeni aliyefika nchi ambayo hajawahi kuisikia. Dhahabu ilikuwa inaungua pembeni ikawa waridi, na juu yake bluu inakolea kama wino, taratibu, bila kupakwa kwenye kitu chochote.

"Saumu," akanong'ona. "Hii wanaitoa kila siku?"

"Kila siku, kaka."

"Kwa wote?"

Kipaza sauti kiliyabeba maneno hayo mpaka safu ya mwisho, na wazazi wakageuza vichwa waone ni kitu gani. Saumu akacheka. Kisha, jua likiwa limegusa miti, akaanza kusoma, na hakuna aliyelazimika kumsogelea ili asikie.